Je, Wajua? Vituliza Mawazo Vinavyoongeza Mawazo

Kila mtu ana lake la kushushia mawazo. Yuko anayepitia baa akitoka kazini, anayewasha sigara, anayeshika simu akaja kuiweka chini alfajiri, na anayejikausha akisema yeye hana tatizo lolote. Ubaya wa njia hizi si kwamba hazifanyi kazi. Zinafanya, tena upesi, na mtego uko hapo. Ni kama mikopo ya kausha damu: fedha unapewa papo hapo, huulizwi maswali mengi, na riba unakuja kuielewa wakati huna tena pa kutokea. Wanasayansi wamezichunguza njia hizi kwa miongo mingi. Haya ni baadhi ya waliyoyakuta.

Mtaalamu wa msongo na fedha za tumbaku

Je, wajua kwamba mwanasayansi aliyeifanya dunia ianze kuuzungumzia msongo kama jambo la kitabibu alikuwa akifadhiliwa na kampuni za sigara? Hans Selye, mzaliwa wa Vienna, alifanya utafiti wake Montreal, Kanada. Mwaka 1936 alichapisha makala fupi katika jarida la Nature kuhusu jambo aliloliona kwa panya. Wawe wamewekwa kwenye baridi kali, wamechoshwa kwa mazoezi au wamedungwa kemikali, miili yao ilionyesha dalili zilezile: tezi zilizo juu ya figo zilivimba na tumbo likaota vidonda.

Selye akawa mtu wa kusikilizwa. Mwaka 1969 alifika mbele ya kamati ya Bunge la Kanada iliyokuwa ikijadili uvutaji, akaeleza kwamba sigara inaweza kumsaidia mtu aliyeelemewa. Baadaye kesi za Marekani zililazimisha nyaraka za ndani za kampuni za tumbaku kuwekwa hadharani, na ndipo ukubwa wa ufadhili huo ulipojulikana: kampuni zilikuwa zikitoa makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka kwa ajili ya utafiti wake. Ule usemi kwamba sigara inatuliza akili haukuenea kwa uzoefu wa wavutaji peke yake. Kuna waliotoa fedha ili uenee.

Sigara hutibu ugonjwa wake yenyewe

Mtu akivuta moshi, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Mabega yanalegea, pumzi inatulia. Lakini baada ya saa mbili hivi nusu ya nikotini hiyo imekwisha kuondoka kwenye damu, na ubongo uliozoea unaanza kudai. Mtu anakosa utulivu, anajibu watu kwa ukali, kazi haimkai kichwani. Anatoka nje, anawasha nyingine, anapoa, kisha anaisifu. Kilichopozwa ni arosto ya sigara iliyotangulia.

Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 zilizowafuatilia wavutaji kabla na baada ya kuacha. Walioacha walikuwa na wasiwasi, huzuni na msongo kidogo kuliko walioendelea, na nafuu hiyo ilionekana hata kwa watu wenye magonjwa ya akili. Wiki za mwanzo ni ngumu kweli, ila anayezivuka hufika mahali ambapo sigara haikuwahi kumfikisha.

Nzi aliyepigwa kibuti

Je, wajua kwamba si binadamu pekee anayekimbilia pombe akikataliwa? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha katika jarida la Science jaribio walilowafanyia nzi wadogo wa matunda, wale wanaozunguka ndizi zilizoiva sana. Madume ya kundi la kwanza yaliwekwa pamoja na majike yaliyo tayari kujamiiana. Ya kundi la pili yaliwekwa na majike yaliyokwisha kupandwa, ambayo huwafukuza madume bila huruma. Hali hiyo ilirudiwa kwa siku nne.

Kisha kila dume likapewa vyakula viwili vya kuchagua, kimoja cha kawaida na kingine kilichochanganywa na pombe. Yaliyokataliwa yalikunywa cha pombe kwa wingi kuliko yaliyopata wenza. Watafiti walipopima ubongo walikuta kemikali iitwayo nyuropeptaidi F imeshuka kwa yale yaliyofukuzwa. Walipoipandisha kwa njia ya maabara, hamu ya pombe ikapungua. Ubongo uliokosa faraja kwa njia ya asili ulikuwa ukiitafuta kwenye kikombe, na binadamu ana kemikali ya jamii hiyohiyo.

Usingizi wa pombe huisha saa tisa usiku

Wengi hunywa ili walale. Pombe huongeza nguvu ya kemikali za ubongo zinazopunguza kasi na kuzibana zile zinazochangamsha, kwa hiyo ni kweli mtu hulala haraka. Ubongo nao haukubali kuzimwa hivihivi: hujibu kwa kujichangamsha zaidi ili kurudisha usawa. Ini likimaliza kuisafisha pombe, usiku wa manane, kile kilichokuwa kikibana hakipo na ule uchangamfu umebaki peke yake. Ndiyo maana mlevi hushtuka saa nane au saa tisa usiku, moyo unamdunda, jasho linamtoka, na lile deni alilolisahau saa mbili linamrudia likiwa kubwa zaidi.

Pombe pia hupunguza usingizi wa ndoto, hasa mwanzoni mwa usiku, na usingizi huo ndio unaousaidia ubongo kuchambua yale yaliyouumiza mchana. Anayelewa kila siku ili asahau anajinyima chombo cha kusahaulia. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya.

Faraja ya shilingi kumi

Novemba 2000 jijini Nairobi, watu zaidi ya 130 walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa kumi kumi, pombe haramu iliyobeba jina la bei yake, shilingi kumi kwa glasi. Ilikuwa imetiwa methanoli, pombe ya viwandani. Methanoli yenyewe hulewesha kama pombe nyingine, hivyo mnywaji hajui kitu. Madhara huja baada ya saa kadhaa, ini likishaigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mishipa ya macho. Ndiyo sababu baadhi ya manusura husimulia kwamba walidhani umeme umekatika.

Nchini Tanzania, tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali katika vifuko vidogo vya plastiki. Bei yake ilimwezesha hata mwanafunzi kununua, na udogo wake ulikiwezesha kifuko kukaa kwenye mfuko wa sare bila mwalimu kujua.

Jani linalooza mapema

Je, wajua kwa nini miraa hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa barabarani kwa mwendo wa hatari? Miraa, ambayo Tanzania huitwa mirungi, ni jani lenye kemikali iitwayo kathinoni, yenye kazi inayofanana na ya amfetamini. Jani likishachumwa, kathinoni huanza kupungua, na baada ya saa 48 hivi nguvu yake nyingi imekwisha. Unyevu wa jani la mgomba hulichelewesha kukauka, lakini hausimamishi saa. Ndiyo maana madereva wa magari ya miraa yanayotoka Meru, Kenya, hawaendeshi kama watu wenye muda.

Mtafunaji hupitia hatua zake. Kwanza ni uchangamfu na maneno mengi, kila mpango unaonekana unawezekana: hizo ndizo handasi. Baada ya hapo hufuata kunyong'onyea, hasira za karibu na kukosa usingizi. Wapo wanaolazimika kunywa pombe au vidonge vya usingizi ili kuishusha, kisha kesho yake wanahitaji miraa nyingine ili waamke. Nchini Kenya jani hili ni zao halali la biashara, nchini Tanzania ni dawa ya kulevya kisheria, na Uingereza, iliyokuwa soko kubwa la Meru, ililipiga marufuku Juni 2014.

Mkeka uliochanwa na timu moja

Jumamosi jioni kijana ana mkeka wa kubeti wa timu saba. Sita zimeshinda. Ya saba inaongoza kwa bao moja mpaka dakika ya 94, halafu inasawazishiwa kwa mpira wa kona. "Timu moja tu imenichania mkeka," anawaambia wenzake, na wote wanakubaliana kwamba alikuwa amekaribia sana. Hajamaliza kulalamika, kidole kimeshaanza kuweka mwingine.

Hesabu inasema kukosa kidogo na kukosa kabisa ni hasara ileile. Ubongo hauoni hivyo. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipiga picha za ubongo za watu wakicheza mchezo wa bahati, wakakuta kwamba kukosa kwa tundu la sindano huamsha baadhi ya sehemu zilezile zinazoamshwa na ushindi. Washiriki walisema hali hiyo inaudhi, na hapohapo walitamani kucheza tena. Nusu karne kabla ya hapo, B. F. Skinner wa Marekani alikuwa ameonyesha kwamba njiwa anayepata punje bila mpangilio anaoweza kuubashiri hudonoa kitufe bila kuchoka, kuliko yule mwenye uhakika wa chakula chake.

Ushahidi wa ajabu zaidi ulitoka Las Vegas. Mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll, aliyeandika kitabu mwaka 2012 kuhusu wacheza mashine za kamari, alisikia wakimwambia kwamba hawachezi ili washinde. Wanacheza ili waendelee kucheza, kwa kuwa mashine ikizunguka, ndoa, mwajiri na bili vyote hutoweka. Kwa mtu wa namna hiyo hata ushindi ni usumbufu: fedha alizoshinda huzirudisha mlemle.

Kupiga ukuta hakupunguzi hasira

Imani kwamba hasira lazima itolewe ina umri mrefu, na siku hizi ipo miji mikubwa yenye vyumba vya kukodi ambamo mteja anavunja sahani na televisheni mbovu kwa nyundo. Mwaka 2002 Brad Bushman, akiwa Chuo Kikuu cha jimbo la Iowa, aliipima imani hiyo kwa wanafunzi 600. Kila mmoja aliandika insha, ikarudishwa na maoni ya kumdhalilisha, kana kwamba yameandikwa na mwanafunzi mwenzake. Kundi moja likapewa gunia la ndondi lilipige huku likimfikiria aliyewatukana. La pili lilipiga gunia likifikiria mazoezi ya mwili. La tatu lilikaa kimya kwa dakika mbili.

Kisha wote wakapewa nafasi ya kumwadhibu mkosaji kwa kelele kali masikioni. Waliopiga gunia wakimfikiria adui ndio waliobaki na hasira kubwa kuliko wote, na ndio waliotoa adhabu kali. Waliokaa kimya walikuwa wapole zaidi. Mwaka 2024 Bushman na mwenzake Sophie Kjærvik walichambua tafiti 154 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Kilichopoza hasira ni kile kinachopunguza mapigo ya moyo: kuvuta pumzi taratibu, kutafakari, kulegeza misuli. Hata kukimbia, pamoja na faida zake zote kwa moyo, hakukusaidia kushusha hasira.

Usimfikirie dubu mweupe

Mwanasaikolojia Daniel Wegner alifanya jaribio mwaka 1987 huko Texas. Aliwaomba watu wakae dakika tano wakisema yanayowapitia kichwani, kwa sharti moja: wasimfikirie dubu mweupe. Kila akiwajia wagonge kengele. Walishindwa, wakigonga zaidi ya mara moja kwa dakika. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, dubu aliwajaa kichwani kuliko walivyomfikiria wale walioruhusiwa tangu mwanzo.

Maelezo ya Wegner ni kwamba ili kulizuia wazo, sehemu moja ya akili hulazimika kuchungulia kila mara kama limekuja, na kule kuchungulia ndiko kunakoliita. Wanaume wengi wa kwetu wamelelewa hivyo tangu utotoni: jikaze, mwanaume halii, yaliyopita si ndwele. Aliyefiwa na mkewe anaambiwa asiwe anafikiria sana, naye anajitahidi, na kwa kujitahidi huko hafikirii kingine.

Shoga wa kuzungumza naye anaweza kuongeza mzigo

Basi afadhali kusema? Inategemea. Mwaka 2002 Amanda Rose wa Chuo Kikuu cha Missouri alichunguza urafiki wa watoto na vijana wanaorudia kujadili matatizo yao: alisema nini, kwa nini alisema, je, kesho atasema tena? Alikuta mambo mawili yanayokwenda pamoja. Marafiki wa namna hiyo walikuwa karibu sana, na walikuwa na dalili nyingi zaidi za wasiwasi na huzuni. Mazungumzo yanayofika kwenye "sasa tufanye nini" huponya. Yanayozunguka palepale kila jioni hukoleza.

Heri shoti kuliko ukimya

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwaacha watu peke yao chumbani kwa dakika 15, bila simu wala kitabu. Kilichokuwapo ni kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, ambayo kila mmoja alikuwa amekwisha kuionja na kusema yuko tayari kulipa ili asiipate tena. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga shoti angalau mara moja, na wanawake 6 kati ya 24. Kukaa na mawazo yao wenyewe kuliwachosha kuliko umeme. Anayeshangaa kwa nini hulala na simu mkononi mpaka macho yanawaka moto asitafute jibu mbali.

Kichwa kinachoumizwa na dawa ya kichwa

Msongo huumiza kichwa, na duka la dawa liko mtaani. Lakini anayemeza dawa za kawaida za maumivu kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata ugonjwa mwingine kabisa: maumivu ya kichwa yanayosababishwa na dawa zenyewe. Kwa vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa kadhaa, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Matibabu yake huanza kwa kuziacha, kwa maelekezo ya daktari.

Uraibu unaopigiwa makofi

Wapo wanaoukimbia msongo wa nyumbani kwa kujizamisha kazini, na hao hupewa vyeti. Wajapani wana jina la kifo kinachotokana na kazi kupita kiasi, karoshi, na kisa cha kwanza kilichorekodiwa ni cha mwaka 1969, kijana wa miaka 29 wa idara ya usafirishaji ya gazeti aliyekufa kwa kiharusi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo katika mwaka 2016 pekee.

Askari walioacha heroini kwa kurudi nyumbani

Mwaka 1971 Marekani iliingiwa na hofu: askari wake wengi nchini Vietnam walikuwa wakitumia heroini. Mtafiti Lee Robins wa St. Louis alipewa kazi ya kuwafuatilia wakirudi. Karibu askari mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa teja huko vitani. Kila mtu alitarajia miji ya Marekani ijae mateja. Haikuwa hivyo. Kati ya waliokuwa wamenaswa, takriban asilimia 5 tu ndio waliorudia uteja ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani, na katika miaka mitatu waliorudi nyuma hata kwa muda mfupi walikuwa asilimia 12.

Vijana hawa hawakuwa na moyo wa chuma kuliko teja wa mjini. Kilichobadilika ni mazingira. Hofu ya risasi haikuwapo, heroini rahisi haikuwapo, wenzi wa kuvuta walitawanyika, na walikuwapo mama, mchumba na kazi. Somo lake linatumika hata kwa aliyenaswa na kitu chepesi. Kuapa kila Jumatatu kunasaidia kidogo kuliko kufuta programu ya kubeti, kubadili njia ya kurudi nyumbani isipite baa, na kuacha simu ilale sebuleni.

Lipo sharti moja la kuzingatia. Anayekunywa pombe nyingi kila siku, au anayetumia vidonge vya usingizi kwa muda mrefu, asiache ghafla bila daktari, kwani mwili unaweza kupata degedege na hata kufa. Huduma zipo: Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini mwaka 2011, ikiwa ya kwanza katika bara la Afrika kusini mwa Sahara, visiwa visipohesabiwa. Mgonjwa anafika kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anaonana na mshauri. Hakemewi. Anapimwa, anatibiwa, na kesho anarudi tena.